Merikani Isiyotoka Marekani

Shangazi yangu anaishi Mwanga, mjini Kigoma, na anaendesha kibanda cha kuonyesha mpira. Mwaka jana alinunua televisheni ya inchi 43 kwa akiba ya miezi mingi. Mbele iliandikwa jina ambalo hakuwahi kulisikia popote isipokuwa juu ya mlango wa duka alimoinunua. Baada ya miezi minane sauti ilibaki, picha ikatoweka. Alipoirudisha, akaambiwa kwamba duka ni muuzaji tu, na dhamana ni ya mtengenezaji. Akauliza mtengenezaji ni nani. Hapo mazungumzo yakakwama, kwa sababu aliyekuwa nyuma ya meza hakujua, na kwenye boksi hapakuwa na jina jingine zaidi ya lile la duka na maneno ya kwamba imetengenezwa China.

Aliponipigia simu, nilimjibu kwa yale ninayoyafahamu. Maduka yanayouza televisheni kwa jina lake lenyewe hayana viwanda. Huagiza bidhaa iliyokwisha kuundwa, huchagua jina, na jina hilo hubandikwa kiwandani. Hata majina makubwa yamekuwa hivyo. Televisheni za Philips hutengenezwa na TPV, kampuni ambayo si ya Kiholanzi. Biashara ya televisheni ya Toshiba ilichukuliwa na Hisense ya China mwaka 2018. Na kule Manisa, Uturuki, kampuni ya Vestel imeunda kwa miaka mingi televisheni zilizouzwa Ulaya kwa majina ya watu wengine. Kioo, ambacho ndicho sehemu ghali kuliko zote, hutoka katika viwanda vichache sana duniani, vingi vikiwa China, na Samsung yenyewe iliacha kutengeneza vioo vya LCD mwaka 2022. Tarakimu za mwanzo za msimbomilia nazo, ambazo vijana wetu huzisoma kama hati ya kuzaliwa, huonyesha tu kampuni ilisajiliwa nchi gani. Tanzania ni 620, lakini 620 haimaanishi kwamba kitu kimetengenezwa Tanzania.

Shangazi alinisikiliza kwa uvumilivu, kisha akasema: “Kwa hiyo baba, hata wewe hujui.”

Ni kweli, sikujua. Nilichokijua ni kwamba swali lake lina umri wa karibu miaka mia mbili kando ya ziwa hili, na kwamba lilianza na nguo.

Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, kitambaa kilichokuwa kikitumika kama fedha tangu pwani hadi ziwani kilikwisha kuwa na jina lake: merikani. Ilikuwa nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito na imara. Ilipimwa kwa mkono; mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti, yaani yadi nne. Kwa doti ulilipa hongo njiani, ulinunua chakula cha wapagazi, ulinunua pembe za ndovu, na katika Ujiji ya wakati ule ulinunua pia binadamu. Jambo hili la mwisho lisisahaulike tunapozungumza kuhusu biashara ya kale kana kwamba ilikuwa maonyesho ya Sabasaba.

Jina merikani lilikuwa na ukweli ndani yake mwanzoni. Wafanyabiashara wa Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts, walianza kuitembelea Zanzibar mapema katika karne ya 19. Mwaka 1833 Marekani na Seyyid Said walitia saini mkataba wa biashara, na mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akafika Unguja, naye alikuwa mtu wa Salem. Nguo walizoleta zilifumwa Lowell na katika viwanda vingine vya jimbo hilo. Baadaye Salem yenyewe ikapata kiwanda chake cha mvuke, Naumkeag. Pamba ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Pembe zilizorudi zilikwenda kwenye viwanda vya Connecticut, zikakatwa kuwa vibao vyeupe vya piano. Kwa hiyo mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Ujiji na pembe begani alikuwa akibeba, bila kuambiwa, muziki wa sebule za watu asiowajua, na malipo yake yalikuwa jasho la mtumwa asiyemjua vilevile.

Je, mnunuzi wa Ujiji angeweza kujua kiwanda? Jora zima, lenye yadi thelathini hivi, lilikuwa na mhuri wa kiwanda kwenye ncha. Lakini njia ya kutoka bandarini hadi ziwani ilikuwa ya kufuta mihuri. Meli ilipotia nanga Unguja, shehena ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi walioshika forodha na mikopo, kwanza nyumba ya Jairam Shivji, na katika miongo iliyofuata Taria Topan, mfadhili wa misafara mingi mikubwa. Hapo marobota yalifunguliwa na kufungwa upya kuwa mitumba, mzigo wa frasila mbili hivi ambao mpagazi mmoja aliweza kuubeba. (Neno mtumba ambalo leo tunalitumia kwa nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani kabla ya kutufikia lilitoka begani mwa mpagazi huyo.) Njiani jora lilikatwa kuwa doti na shuka. Kati ya shuka zote za jora moja, ni moja tu ingeweza kubaki na mhuri, na haikuwa lazima iwe ile iliyofika Ujiji.

Zaidi ya hayo, mtu wa kati hakuwa na haja ya kueleza. Kujua nani anafuma nini, kwa bei gani, ilikuwa ndiyo faida yake. Stanley, akijiandaa Zanzibar mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, aliandika jinsi majina ya nguo na shanga yalivyomchanganya: merikani, kaniki, samesame na mengine mengi, kila moja likipendwa mahali pake na kukataliwa pengine. Alilazimika kuwauliza Waarabu waliokwisha kufika bara. Mtu aliyetoka katika nchi iliyoipa nguo hiyo jina lake alihitaji kufundishwa Zanzibar namna ya kuinunua.

Shanga zilikuwa fumbo zaidi. Katika soko la Ujiji chenji ya kila siku ilikuwa shanga ziitwazo sofi, vipande vyenye umbo la kiko kilichovunjika. Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, alieleza jinsi asubuhi watu walivyosimama sokoni na mifuko ya sofi wakizibadilishia wanunuzi kwa bidhaa nyingine, kisha jioni wakazirudisha kwa wauzaji. Ilikuwa benki kamili, yenye saa za kufungua na kufunga. Shanga zenyewe, kama nyingi zilizoingia Afrika Mashariki wakati ule, zilitoka katika tanuri za vioo za Venisi. Sidhani kama pale sokoni kulikuwa na mtu aliyelijua jina la mji huo, wala mfua kioo wa Venisi hakuwa na habari za Ujiji. Baina yao kulikuwa na mlolongo wa mawakala ambao kila mmoja alimfahamu jirani yake wa kulia na wa kushoto tu.

Kisha mwaka 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, na bandari za kusini zilizosafirisha pamba zikafungwa. Merikani ikawa adimu na ghali. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo kila muuza televisheni wa leo angelielewa mara moja: nguo iliadimika, lakini jina halikuadimika. Watu waliendelea kutaka merikani, na palipo na mnunuzi anayetaka jina, hupatikana mtu wa kumletea jina hilo.

Waingereza walikwisha kujaribu kuiga nguo za Massachusetts hata kabla ya vita, na wanunuzi wa Zanzibar na bara walizikataa kwa kuziona dhaifu. Katika Lancashire kulikuwa na desturi, iliyozidi pamba ilipoadimika, ya kujaza nyuzi wanga na udongo mweupe uliochimbwa Cornwall, ili kitambaa chepesi kionekane kizito. Ukikifua mara ya kwanza, uzito wote unaondoka na maji. Waswahili walikuwa na neno ulaiti kwa kitambaa chepesi cha Ulaya, na ulaiti na Ulaya ni maneno ya shina moja. Sijui lugha nyingine ambayo kwa neno moja imeweza kutaja bara zima na kudokeza kwamba nguo zake hazina uzito.

Walioshinda walikuwa Bombay. Kiwanda cha kwanza cha nguo cha mvuke katika mji huo kilianzishwa na Cowasji Davar mwaka 1854, na katika miongo miwili mitatu iliyofuata viwanda viliongezeka haraka. Walikuwa karibu na Zanzibar, walikuwa na pamba yao, na juu ya yote walikuwa na ndugu na jamaa madukani Unguja waliowaandikia kwa Kigujarati ni uzito gani, upana gani na harufu gani inayotakiwa. Kufikia miongo ya mwisho ya karne ya 19, merikani iliyovaliwa bara ilikuwa kwa sehemu kubwa imefumwa India. Iliendelea kuitwa merikani, na inaitwa hivyo hadi leo. Nenda soko la Ujiji ukaulize merikani ya sanda. Utaonyeshwa, na hakuna atakayefikiri unauliza habari za Massachusetts.

Je, huo ulikuwa ulaghai? Wanafunzi wangu husema ndiyo bila kusita. Mimi nasitasita. Mnunuzi wa ziwani hakuwa akinunua nchi ya asili. Alinunua uzito na ugumu wa uzi na namna kitambaa kinavyostahimili kufuliwa, na vyote hivyo alivipima kwa vidole vyake. Kwake merikani lilikuwa jina la kiwango. Waliokataa kitambaa cha Lancashire hawakukikataa kwa sababu walisoma mhuri, walikifua. Bombay ilipokubaliwa, ilikubaliwa kwa kipimo hichohicho.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Biashara ile yote ilitembea kwa mali kauli, yaani mali iliyotolewa kwa neno la mtu, bila fedha taslimu. Tajiri wa Unguja alimkopesha kiongozi wa msafara, naye akawakopesha wengine, hadi kwa mwenye kibanda Ujiji. Huyo wa mwisho aliishi palepale, chini ya macho ya watu kama Mwinyi Kheri, Mswahili wa Mrima aliyekuwa mkubwa wa mji kwa miaka mingi. Kitambaa kikioza, hukuhitaji kujua kiwanda. Ulimjua aliyekuuzia na nyumba yake, na yeye alijua kwamba msimu ujao atahitaji tena pembe zako na unga wako. Sisemi kwamba ulikuwa ulimwengu wa haki. Watu waliouzwa katika soko hilohilo wangetushangaa. Nasema tu kwamba jina la kitambaa halikuhitaji kuelekeza kiwandani, kwa kuwa kulikuwa na uso wa kuulizwa.

Linganisha na kanga, iliyotokea pwani katika miongo ya mwisho ya karne hiyo. Mombasa kulikuwa na duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza miaka ya 1880. Kwenye pindo la kanga zake paliandikwa K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Maneno hayo yalifika hadi Kigoma pamoja na reli, iliyokamilika mwaka 1914, na bibi zetu waliyasoma kama wasomavyo wengine nembo ya benki. Abdulla huyo hakuwa na kiwanda. Kanga zake, kama kanga za wafanyabiashara wenzake, zilichapwa kwa nyakati mbalimbali India, Ulaya na Japani, na hatimaye katika viwanda vya Afrika Mashariki. Michoro ilitoka dukani, kwa kusikiliza wanawake wanataka nini mwezi huo, na mchapaji wa ng'ambo alichapa alichoagizwa, pamoja na maneno ya lugha asiyoijua. Hii ndiyo bidhaa ya jina la duka katika umbo lake halisi. Lakini Abdulla alikuwepo, mwanawe alikuwepo, na kanga ikichuja ulijua mlango wa kubisha.

Kando ya ziwa letu mambo yalizidi kupindika. Kwa miaka mingi kitenge kizuri Kigoma ni “kitenge cha Kongo,” kinachoshushwa Kibirizi kutoka ng'ambo. Ni kweli kwamba Kongo ilifuma. Huko Kalemie, ulipokuwa mji wa Albertville, kulikuwa na kiwanda kikubwa cha nyuzi na nguo, Filtisaf, karibu tukabiliane nacho kwa maji. Lakini kile kitenge cha nta kilichofanya Kongo isifiwe kilikuwa na asili ndefu zaidi. Waholanzi waliiga kwa mashine batiki za Java. Afrika Magharibi ikazipenda. Kutoka huko upendo huo ukasambaa hadi bonde la Kongo. Kiwanda cha Vlisco, kilichoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, kiliandika kwenye pindo kwamba ni nta halisi ya Uholanzi. Leo sehemu kubwa ya vitenge vilivyotandazwa katika masoko yetu huchapwa China, na baadhi vina maneno yaleyale ya pindo, kwa herufi zilezile. Mama wa Ujiji anakiita cha Kongo, pindo linasema ni cha Uholanzi, mchoro asili yake ni Java, na mashine iko China. Kila mmoja anasema sehemu ndogo ya kweli.

Sheria nayo iliingia kwa mlango wa wakubwa. Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa, ikitaka vitu vya kigeni vilivyojifanya vya Kiingereza vitaje vinakotoka. Nia ilikuwa kuwaaibisha Wajerumani. Miaka michache baadaye maneno “imetengenezwa Ujerumani” yalikuwa yamegeuka kuwa sifa. Tanganyika huru ilipata sheria yake ya jina hilohilo mwaka 1963, nayo ndiyo inayotumiwa hadi leo na Tume ya Ushindani kukamata bidhaa bandia. Ni sheria inayofaa, lakini imejengwa juu ya fikra ya viwanda vya Kiingereza vilivyoogopa kuigwa. Inamlinda mwenye alama, na inamlinda mnunuzi dhidi ya uongo ulioandikwa kwenye kifungashio. Televisheni ya shangazi haikuwa na uongo wowote. Jina la duka ni jina la duka, na China ni China. Kilichokosekana ni mtu.

Wako watu katika historia ya ziwa hili ambao kitambaa chao kilikuwa na mtu. Kusini, Ufipa, wanaume walifuma pamba kwenye kitanda cha mfumi kilicholazwa chini, nguo nene iliyodumu miaka, na wasafiri wa karne ya 19 waliishuhudia. Ufumaji huo ulistahimili merikani kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia wengi, ukaingia katika karne ya 20, kisha ukafifia. Haukufa kwa sababu nguo ya kiwandani ilikuwa bora. Mara nyingi haikuwa. Ulikufa kwa sababu siku nyingi za kazi ya Mfipa ziligharimu zaidi kuliko saa moja ya mashine ya Bombay pamoja na nauli. Sisi tunaodai viwanda vyetu wenyewe tukumbuke hesabu hiyo. Urafiki ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, ilikuwa na mashine, pamba na jina zuri, na bado vitenge na kanga kutoka nchi ileile iliyoijenga viliishinda sokoni.

Nirudi Mwanga. Shangazi hakuwa na nguvu za kwenda ofisi hadi ofisi. Alimwita fundi kijana wa mtaa wa pili, aliyefungua mgongo wa televisheni mezani pale kibandani, wateja wakitazama kama wanatazama upasuaji. Ndani kulikuwa na vibandiko viwili ambavyo nje havikuonekana, kimoja kwenye kioo na kingine kwenye bodi. Fundi alisoma namba kwa sauti. Kioo, alisema, ni cha kampuni ya China ambayo vioo vyake vimo pia ndani ya televisheni za bei mara mbili. Bodi ni ile inayofungwa katika majina zaidi ya kumi anayoyajua yeye. Kilichokufa ni taa za nyuma ya kioo, vijiti vyembamba ambavyo mwundaji, yeyote yule, alivibana bei. Aliviagiza Kariakoo, vikafika kwa basi baada ya siku nne.

Picha iliporudi, shangazi alimpa kalamu ya wino mzito akamwambia aandike jina lake na namba ya simu nyuma ya televisheni. Kijana alicheka, akadhani ni mzaha, kisha akaandika. Liko pale mpaka leo, chini kidogo ya jina la duka.